Halbadiri ya Gemu

Tangu Dama afariki dunia, mumewe Waziri alikuwa mtu asiyekalika. Akiketi barazani goti linamcheza. Akisimama anatafuta pa kuketi. Akila anaacha tonge nusu, anatoka kwenda kutazama kama banda la kuku limefungwa, na kuku mwenyewe ni mmoja. Kazi yake ilikuwa ukwezi. Alipanda minazi ya hoteli kule Diani, akaangusha nazi na kukata makuti makavu yasije yakawashukia wageni vichwani, na waliomjua walisema kwamba huko juu ndiko mahali pekee alipotulia. Chini kulikuwa na mambo mengi. Chini kulikuwa na serikali.

Serikali, kwa Waziri, ilikuwa na sura ya mtu, na mtu huyo ni Chome, naibu wa chifu wa kijiji chao cha Mwachitsaka. Siku Dama alipozidiwa, gari la wagonjwa lilikuwa limebeba viti na mahema ya mkutano wa mheshimiwa mmoja, na aliyekuwa akimwamrisha dereva ni Chome. Waziri alimkimbilia pale pale mkutanoni, jasho linamtiririka, akamwambia mke wangu anakufa. Chome akamshika bega akamwambia asubiri kidogo, mgeni anamalizia. Mgeni yule alikuwa na maneno mengi. Gari lilipofika nyumbani, Dama alikwisha kufunikwa shuka.

Basi Waziri hakumpa tena Chome mkono. Msikitini wakiangukia safu moja, alihama. Chome akitoa salamu, Waziri aliitazama ndara yake kama mtu aliyekanyaga kitu. Watu walimwonya kwamba kutojibu salamu ni dhambi, naye alijibu kwamba dhambi hiyo ataieleza mwenyewe huko mbele, na atakayeitwa kuwa shahidi ni dereva wa lile gari.

Alibaki na binti yake mmoja, Hafsa, msichana aliyekwisha kumaliza kidato cha nne akafaulu, na tangu mazishi ya mamake akawa hazungumzi ila la lazima. Chai, baba. Maji yapo, baba. Usiku mwema, baba. Waziri hakujua namna ya kumsemesha. Dama ndiye aliyekuwa akisema kwa niaba ya wote watatu.

Ndipo ikaingia gemu.

Ilitoka kwa Hesbon, bawabu wa hoteli, mtu wa bara aliyehamia Ukunda miaka mingi na bado Kiswahili chake kinatembea na viatu vya Nairobi. Mtoto wa mgeni fulani aliisahau mchangani chini ya mnazi, Waziri akaiokota akaipeleka getini kama inavyotakiwa. Ikakaa kwenye droo ya Hesbon msimu mzima, mwenyewe hakuuliza. Siku moja Hesbon akamwita.

"Mzae, beba tu hii kitu," alisema. "Ni gemu ya magenge, wasee wanapigania mtaa. Mwenyewe alirudi Ulaya kitambo, hawezi kuikujia na ndege."

Kilikuwa kidude cha kushika kwa mikono miwili, kioo katikati, vitufe pembeni. Waziri alimpelekea Hafsa akidhani ni kitu cha kumchangamsha, kama vile mtu anavyompelekea mgonjwa chungwa. Kumbe ndani yake mlikuwa na jiji zima la magorofa na mvua isiyokatika, na magenge matatu yakigombea mitaa: wenye jaketi nyekundu, wenye buluu na wenye kijani. Hafsa alikuwa kijani. Kazi yake ilikuwa kuteka kona moja, kuilinda, kisha kuiendea nyingine, na asiishie jela wala kaburini. Ukizubaa, mtaa umekwenda.

Mwanzo Waziri alichukizwa. Mtoto wa kike, kajitanda mtandio wake vizuri, na mkononi bastola! Alikuwa karibu kuirudisha kwa Hesbon. Lakini siku moja baada ya alasiri aliketi nyuma ya Hafsa barazani, akatazama juu ya bega lake, akaona msichana wa kijani anakatiza barabarani wazi wazi, wale buluu wanamtwanga kutoka kila upande, anakufa. Akafufuka, akakatiza pale pale, akafa tena. Waziri hakuweza kuvumilia.

"Unafanya nini huko chini kama ng'ombe aliyeingia sokoni? Panda."

"Pa kupanda hapana, baba."

"Na hilo bomba la maji ukutani ni nini? Huo mnazi huo. Panda."

Hafsa akapanda. Msichana wa kijani akakwea bomba mpaka juu ya paa, na kutoka juu wakawaona buluu wote walivyojibanza, mmoja nyuma ya basi, wawili chini ya ngazi, mmoja ndani ya pipa la taka. Wakaiteka ile kona. Hafsa akageuka akamtazama babake, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akatabasamu meno yakaonekana.

Tangu siku hiyo ikawa desturi yao. Waziri akirudi kutoka minazini, akishaoga na kuswali alasiri, huyo barazani. Yeye hakuweza kubonyeza. Vidole vyake vilikuwa vya ukwezi, kimoja kikishuka kinaziba vitufe viwili. Kazi yake ilikuwa kuona. Tazama kule, kuna mtu kwenye dirisha. Usishuke bado. Mwache apite, huyo ni mvuvi wa ngisi tu, anayekutafuta yuko nyuma yake. Hafsa alicheka akamwambia kwamba katika jiji lile hakuna wavuvi. Akamfasiria yale maandishi ya Kizungu, na katikati ya kufasiri wakajikuta wanazungumza mengine: Dama alivyokuwa akipika mchuzi wa papa, Dama alivyomcheka Waziri siku ile siafu walipomteremsha mnazini mbio. Hayo walikuwa hawajayataja.

Na kilichomfunga Waziri zaidi ni kile walichogundua walipofika mitaa ya katikati ya jiji. Magenge yote matatu, nyekundu, buluu na hao hao kijani, bunduki zao zilikuwa zinatoka kwa mtu mmoja, naye ni meya, bwana wa suti nyeupe anayetokea kwenye televisheni za madukani akiwalaani wahuni. Waziri alicheka mpaka akakohoa. Akasema aliyetengeneza kitu hiki, hata kama ni Mzungu, ameishi hapa. Kuanzia hapo hakutaka ila jambo moja: kumfikia meya. Huko minazini alikuwa akipanga njia, mkono unakata kuti, akili iko kwenye mapaa. Zikabaki kona chache tu.

Mambo yalikuwa hapo wakati vijana wenye mapanga walipovamia duka la vocha njia panda na kumkata mwenye duka mkono. Haikuwa mara ya kwanza kwa upande ule wa pwani, ila Mwachitsaka ilikuwa mara ya kwanza. Chome akaitisha baraza. Akasimama na karatasi aliyoletewa kutoka juu, akasoma kwamba imechunguzwa na kuonekana vijana wanafundishwa ujambazi na gemu za magenge, na kwamba kila nyumba yenye gemu ya namna hiyo iifikishe ofisini kwake.

Waziri alisimama kabla hajapewa nafasi.

"Hao waliomkata mtu," alisema, "ni yupi aliyekuwa na gemu? Panga lile nalijua mimi, ni la kukatia miwa. Kazi ya miwa iliwatoka mikononi, panga likabaki. Hilo mbona karatasi yako haikulichunguza?"

Watu walishangilia kichinichini. Kahaso, mama anayeuza mahamri na mbaazi ubavuni mwa msikiti, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba Waziri leo ndio kapata wizara. Wakacheka. Hata Chome alitaka kucheka, akajizuia, akaikunja karatasi yake. Akasema yeye hakuiandika, ameletewa. Kisha akasema lile lililokuwa limebaki: nyumba isiyoleta gemu, isije kwake kutaka muhuri wa jambo lolote.

Waziri alirudi nyumbani kifua mbele kama aliyeshinda kesi. Hakumtazama Hafsa usoni. Angemtazama angekumbuka kwamba muhuri ulikuwa unatakiwa.

Hafsa alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na chuo kilitaka kitambulisho. Kitambulisho kwa watu wa huko si jambo la kwenda asubuhi na kurudi jioni. Mamake alizaliwa Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, na Vanga kwa wakubwa ni kama ng'ambo. Ukisema mama ni wa Vanga unaulizwa bibi, ukileta cha bibi unaulizwa babake bibi, kana kwamba wafu nao walitakiwa kutembea na makaratasi. Fomu yake ilikwisha zunguka. Imebaki sahihi na muhuri wa naibu wa chifu, basi. Hafsa aliwahi kumtajia babake, na babake akamwambia asubiri, yule mtu hatakaa ofisini milele.

Siku chache baada ya baraza, Waziri alirudi kutoka kazini, akaoga, akaswali, akaketi. Hafsa hakutoka. Alipomwita alikuja mikono mitupu akasema gemu haionekani. Alikuwa ameiacha kwenye pakacha juu ya kabati, sasa haipo.

Angeuliza mara ya pili, hadithi ingeishia hapo. Hakuuliza. Kichwani mwake jambo lilikwisha kujipanga lenyewe: amemwaibisha Chome mbele za watu, Chome ametuma vijana wake, wameingia nyumbani yeye akiwa juu ya mnazi na binti kisimani. Aliliona waziwazi kama anavyoona mtu nyuma ya basi. Wamemchukulia mke, sasa wamekuja kumchukulia na kile kidogo kilichobaki. Akavaa kanzu yake, akatoka hata chai hakuinywa.

Kwenda polisi kungekuwa kupeleka kesi ya fisi kwa fisi. Alikwenda kwa Ustadh Abdulrahim, mzee wa msikiti, akamwambia anataka isomwe halbadiri.

Ustadh alikuwa anashona kofia. Akaiweka chini. Halbadiri si jambo la kutaja na mate mdomoni. Husomwa majina ya wale mashahidi wa vita vya Badri, ubani ukifuka, na anayehusika na wizi hupatwa: kuna aliyevimba tumbo, kuna aliyepotewa na akili akawa anahesabu milingoti ya umeme mpaka Lunga Lunga. Siku hizi wapo mashekhe vijana wanaosema haifai, na Ustadh mwenyewe alikuwa na miaka hajaisoma. Alimuuliza Waziri kitu gani kimeibwa. Waziri alipomwambia, mzee akauliza kama kweli anataka kuwaamsha watu wa Badri kwa ajili ya kijumba cha plastiki.

Waziri alisema si plastiki.

"Basi sikiliza, mwanangu," Ustadh akasema. "Kitu hiki hakina jamaa. Kinamfuata aliyechukua, aliyepokea, na aliyejua akanyamaza. Ukishakiachia hukiambii pita huku, usipite kule. Umefikiri?"

Waziri alisema amefikiri. Ndicho hasa alichokitaka: aliyechukua, na aliyepokea.

Ikatangazwa baada ya swala ya Ijumaa, kama ilivyo ada, ili aliye na kitu apate nafasi ya kukirudisha: itasomwa Alhamisi inayokuja, baada ya alasiri. Habari ikapita na mahamri ya Kahaso nyumba hadi nyumba. Na hapo Mwachitsaka ikajionyesha ilivyo. Asubuhi ya kwanza ilikutwa mlangoni mwa msikiti sufuria kubwa ya shughuli, iliyopotea tangu harusi ya mtu ambaye sasa ana wajukuu. Ikafuata pampu ya baiskeli, jozi ya viatu vya shule, redio isiyo na betri, na jogoo amefungwa mguu. Kila aliyewahi kuchukua chochote cha mtu hakutaka kuhatarisha. Kahaso alisema ingekuwa vizuri Waziri aibiwe kila mwaka. Kila asubuhi Waziri alikwenda akapekua lile fungu kwa mguu, akiangalia kama gemu imo. Haikuwamo.

Alisikia pia kwamba Chome, kwa hofu, ameacha kula nyama majumbani kwa watu. Beberu wake alikufa bila kuugua, na mkewe amekwenda kwa mamake Msambweni akisema atarudi mambo yakitulia. Waziri aliposikia habari za beberu alipanda mnazi uliokuwa si zamu yake, kwa furaha tu. Lakini hata furaha hiyo haikumkalisha. Alasiri ilipofika hakuwa na pa kwenda. Alizunguka nyumba, akachonga mpini wa shoka usiotaka kuchongwa, akatoka mpaka njia kuu akarudi. Hafsa alikuwa ndani. Alikuwa hali. Alisema tumbo halitaki. Sahani ilimponyoka mikononi ikavunjika, akakaa akiitazama kama amevunja kitu cha mtu mwingine. Waziri aliona, akasema moyoni: mtoto anaisikitikia gemu yake. Chome atalipa na hili.

Alhamisi alileta ubani kutoka Ukunda, akamwambia Hafsa atie makaa kwenye chetezo. Hafsa alikichukua chetezo, akasimama nacho.

"Baba, isisomwe."

Waziri alikuwa anafunga vifungo vya kanzu. Alimwambia wenye haki hawana la kuogopa, anayeogopa ni mwizi.

"Ndiyo," Hafsa akasema.

Kifungo kilibaki kati ya vidole. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa hakutaka kuelewa, akamwomba arudie. Hafsa alirudia yote, kwa sauti ile ile ndogo ya chai, baba. Aliichukua mwenyewe kwenye pakacha, akaipeleka mwenyewe ofisini, akampa Chome mkononi, na Chome akampigia muhuri pale pale. Alikusudia kumwambia babake siku hiyo hiyo, lakini alipomwona anavaa kanzu kwa hasira ulimi ulimgoma. Na ilipotangazwa Ijumaa, ndiyo kabisa. Alimwomba Chome airudishe. Gunia la gemu zote lilikwisha kwenda juu, kwa wakubwa, huko walikosema zitapigwa nyundo mbele ya wapiga picha.

"Mtaa wa kwenye gemu ukipotea unaanza tena, baba," alisema. "Mimi nikipoteza mwaka huu, sina pa kuanzia."

Waziri hakumpiga wala hakumkemea. Alimtazama mkono ulioshika chetezo, ulivyokonda, akaona kitu alichokuwa amekitazama wiki nzima bila kukiona. Hali chakula. Tumbo halitaki. Sahani inamponyoka. Na halbadiri yenyewe bado haijasomwa, imetangazwa tu. Alitoka nyumbani mbio, vifungo viwili wazi, ndara moja imemvuka njiani asirudi kuiokota.

Ustadh Abdulrahim alikuwa anatawadha. Waziri alichuchumaa ubavuni mwake akamnong'oneza kila kitu, akimwomba waiache tu, watu waambiwe kitu kimepatikana. Mzee alimaliza kuosha miguu kwanza. Kisha alimwambia kwamba jambo lililonenwa mbele ya watu huondolewa mbele ya watu, na haliondolewi kwa uongo. Mwenye mali husimama akasamehe kwa ulimi wake.

"Nimemsamehe mwanangu. Sasa hivi nimemsamehe."

"Na aliyepokea?"

Waziri aliitazama ndara yake iliyobaki.

"Nilikuambia hakina jamaa," Ustadh akasema. "Mtoaji na mpokeaji walishika kitu kimoja, siku moja. Ukimwachia mmoja na mwingine umemshikilia, umeshikilia wote wawili. Na msamaha wa meno, mwanangu, usije nao humu. Mimi unaweza kunidanganya."

Akaadhini mwadhini. Wakaingia. Waziri aliswali, ila akiulizwa alisoma sura gani hawezi kusema. Safu ya mbele kabisa alikuwa Chome, amekuja mwenyewe, shati limemlegea, amekaa kama mtu anayengoja jina lake liitwe hospitalini. Msikiti ulijaa kuliko Ijumaa. Nje, wanawake walisimama kwenye kivuli cha ukuta, na Kahaso aliacha mbaazi zinaungua.

Waziri alipanda minazi mirefu maishani mwake, na yote alijua pa kuweka mguu. Aliposimama pale hakujua. Alisema gemu imejulikana ilipo. Alisema aliyeichukua ni mtu wa nyumbani kwake, aliichukua kwa haja yake, na amemsamehe. Watu waliguna. Akasema aliyeipokea ni Chome.

Kisha akakwama. Uso wa Chome ulikuwa umegeuka unamtazama, na Waziri aliona lile bega lake mwenyewe lilivyoshikwa siku ile mkutanoni, akasikia kipaza sauti na yale makofi. Kila kilicho ndani yake kilikataa. Alikuwa ameilea ile chuki kama mtu anavyolea mche. Ndiyo aliyokunywa nayo chai, ndiyo iliyompandisha na kumteremsha. Akamfikiria Hafsa na kile chetezo.

"Nimemsamehe Chome," alisema. "Kwa gemu."

Ustadh hakusema amin. Aliendelea kutazama mkeka, anangoja. Msikiti mzima ukangoja, maana hakuna aliyekuwa hajui.

"Na kwa gari," Waziri akasema.

Hapo Ustadh akaitikia, na watu wakaitikia. Chome aliinuka akaja akampa mkono, Waziri akaupokea, mkono umelowa. Chome alisema polepole, wasikie wao wawili tu:

"Hata mimi niliambiwa nisubiri, Waziri. Nilimwendea mkubwa wangu jukwaani nikamwambia kuna mgonjwa. Akaniambia nisubiri."

Waziri aliuachia ule mkono. Alitamani asingelisikia hilo. Chome alikuwa mtu wa kumfikia, unamwona sokoni, unamhama msikitini. Huyo mwingine alikaa wapi, na huyo wa juu yake, na wa juu ya huyo, na ni mnazi gani utakaopanda mpaka uwaone wote walivyojibanza?

Alirudi nyumbani peku mguu mmoja. Hafsa alikuwa barazani. Alimwambia mambo yamekwisha, ale. Kahaso alikwisha kuleta bakuli la mbaazi zilizoshika moto kidogo, na Hafsa alikula, mwanzo kwa uoga, kisha kama mtu mwenye njaa. Katikati aliinua macho akauliza:

"Umemsamehe kweli, baba?"

"Si nimesema mbele za watu."

"Najua umesema."

Waziri alikwenda kutazama banda la kuku.

Siku zilipita. Fomu ilikwenda na muhuri wake, na wakaambiwa kitambulisho kinakuja, kwa hiyo wakangoja kama watu wengine. Waziri alirudi kazini. Alikuwa akijibu salamu za Chome, kwa ufupi, na watu wakasema amebadilika. Gemu hawakuipata, Hesbon alisema aliona kwenye simu picha za gunia likipigwa nyundo, ila Waziri alishikilia kwamba mtoto wa mkubwa fulani yuko juu ya paa la meya sasa hivi, anamaliza kazi ya wenzake.

Lakini utulivu hakuupata, wala hatakuja kuupata mpaka Hafsa aondoke aende chuoni, na pengine hata akienda. Kwa sababu hakujua. Alisema kwa ulimi. Moyoni kulikuwa na chumba hakuthubutu kukifungua aone kama kimehamwa. Basi Hafsa akipiga chafya jikoni, Waziri huacha alichoshika. Hafsa akisema kichwa kinamgonga, akiamka amevimba macho, akiacha chakula sahanini, babake hutoka nje, husimama nyuma ya nyumba pale Dama alipokuwa akianika nguo, akamsamehe Chome upya, tangu mwanzo, gemu na gari, na mara nyingine humtia na yule mkubwa wa jukwaani asiyemjua jina. Kisha husikiliza. Ndani kukiwa kimya, hurudi. Hafsa akikohoa tena, huanza upya.